Jinsi ya kupata matibabu na kujaziwa fomu za PRC na P3 baada ya ubakaji nchini Kenya

Anza hospitali, ambako hujazwa fomu ya PRC (Post Rape Care, yaani kumbukumbu ya uchunguzi na matibabu baada ya ubakaji); polisi, wanaotoa fomu ya P3 (ripoti ya uchunguzi wa kitabibu kwa ajili ya kesi), watafuata. Wengi hufanya kinyume: hukaa kituoni usiku kucha wakingoja nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, wakiamini daktari hawezi kuwashughulikia bila nambari hiyo, huku saa za dawa zikiyoyoma. Hakuna sheria ya Kenya inayomtaka manusura aripoti polisi kwanza ndipo atibiwe. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 kinaiachia Serikali gharama za matibabu na ushauri nasaha wa manusura. Haya ni ya wanawake, wanaume na watoto.

Saa zenyewe ni hizi. Dawa ya kuzuia maambukizi ya HIV, yaani PEP, huanzishwa ndani ya saa 72, na kila saa unayookoa inaongeza nguvu yake. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, yaani siku 5, lakini kadiri unavyokimeza mapema ndivyo kinavyofaa zaidi. Zikipita saa 72 nenda tu. Utakosa PEP, lakini majeraha na magonjwa ya zinaa bado yana tiba, chanjo na ushauri bado vinatolewa, na fomu ya PRC hujazwa hata baada ya wiki kadhaa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Ukiweza, usioge, usipige mswaki na usibadilishe nguo. Kama umeshabadilisha, chukua ulizovaa wakati wa tukio, chupi ikiwemo, pamoja na pedi au kitambaa chochote ulichojipangusia. Kila kimoja kikae peke yake kwenye bahasha ya khaki au kifungwe kwa gazeti. Usitumie mfuko wa plastiki: unyevu hubaki ndani, nguo huota ukungu, na chembechembe za DNA huharibika kabla hazijafika kwa Mkemia wa Serikali. Nguo iliyolowa ianikwe kivulini kwanza. Usifue na usikate sehemu iliyochafuka.

Umeshaoga? Nenda vilevile. Ushahidi haukai mwilini pekee, na matibabu hayategemei ushahidi.

Beba kitambulisho ukiwa nacho. Kwa mtoto, cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Kukosa hati yoyote si sababu ya kurudishwa.

Hospitali gani, na useme nini mapokezi

Hospitali ya kaunti au ya kaunti ndogo ndiyo yenye uhakika zaidi wa kuwa na dawa zote. Zipo pia zenye kitengo maalum cha manusura, kama Kenyatta na Nairobi Women's jijini Nairobi, na Coast General mjini Mombasa. Zahanati ndogo huenda isiwe na PEP. Piga 1195 bila malipo uelekezwe. Kwa mtoto, 116.

Huna haja ya kusimulia tukio dirishani mbele ya foleni. Sema tu, "Nimekuja kwa huduma ya PRC." Mhudumu ataelewa, na unapaswa kupelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha faragha. Ukifika usiku au wikendi unaweza kuambiwa urudi Jumatatu kliniki ya CCC, yaani ya huduma za HIV, itakapofunguliwa. Usikubali. Dozi za kuanzia za PEP zinafaa kuwepo idara ya dharura; omba upewe za siku chache, kisha urudi kuchukua zilizobaki.

Ukitozwa kadi au vipimo, mwombe mhudumu wa ustawi wa jamii wa hospitali akuandikie msamaha wa malipo. Muulizie kwa cheo hicho, kwa kuwa karani wa malipo mara nyingi hana mamlaka ya kufuta ada.

Uchunguzi na fomu ya PRC

Fomu ya PRC, ambayo kumbukumbu za Wizara ya Afya huiita MOH 363, hujazwa na daktari, afisa wa kliniki au muuguzi aliyesajiliwa. Haihitaji nambari ya OB. Kabla ya lolote utaombwa utie sahihi ya ridhaa. Ridhaa hiyo unaweza kuigawa: ukubali dawa ukatae sampuli, ukubali kupimwa mikono na shingo ukatae sehemu za siri, au usimamishe katikati. Unaweza kuomba mhudumu wa kike na mtu unayemwamini akae nawe. Kile kinachoitwa kipimo cha vidole viwili, yaani kuingiza vidole ukeni ili kupima ubikira, hakithibitishi chochote, na Shirika la Afya Duniani lilitaka kikomeshwe mwaka 2018. Una haki ya kukikataa.

Maswali yatakuwa ya wazi na mengine yatauma: tarehe na saa, mahali, wangapi, kama unawafahamu, kama kondomu ilitumika, kama ulioga au ulienda haja baadaye, hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Swali la kondomu halikulaumu. Linaamua sampuli gani zichukuliwe. Kisha majeraha huchorwa kwenye picha za mwili zilizo kwenye fomu. Onyesha hata mkwaruzo mdogo au mahali panapouma bila alama. Kukosekana kwa majeraha hakumaanishi hukubakwa, na mhudumu hapaswi kuandika hitimisho la namna hiyo.

Hapa ndipo kesi nyingi hulegea, na kasoro huwa ndogo: saa ya uchunguzi haikuandikwa, jina lako limetofautiana na la kitambulisho, tarehe ya tukio hailingani na ya OB, aliyekupima hakuandika jina lake kamili, hakutia sahihi au hakugonga muhuri. Kabla ya kutoka chumbani omba usomewe au usome mwenyewe, na kosa lirekebishwe papo hapo. Fomu hutolewa kwa nakala tatu: ya polisi, yako, na ya hospitali. Yako ipige picha kisha uifiche pasipofikiwa na anayekutishia.

Dawa

Utapimwa HIV kwanza, ila dozi ya kwanza ya PEP isicheleweshwe kwa kungoja majibu. Humezwa kila siku kwa siku 28. Wengi huacha wiki ya kwanza kwa sababu ya kichefuchefu; rudi upewe ya kutuliza badala ya kuacha. Mchanganyiko unaotumika sasa una dolutegravir, ambayo hudhoofishwa ikimezwa pamoja na dawa za asidi ya tumbo, chuma au kalisi, kwa hiyo mtajie mhudumu chochote unachotumia.

Kidonge cha dharura ni levonorgestrel miligramu 1.5, mara moja. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia dozi. Utapewa pia dawa za kisonono, klamidia na trikomona, chanjo ya homa ya ini B ambayo dozi zake za kawaida ni tatu (leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6), na ya pepopunda kama kuna jeraha.

Polisi na P3

Ukiamua kuripoti, nenda na nakala yako ya PRC. Tukio liandikwe OB, nawe uondoke na nambari yake. Uliza dawati la jinsia. Utapewa fomu ya P3, ambayo haiuzwi na inapatikana pia kwenye tovuti ya polisi. Sehemu ya kwanza hujazwa na polisi, zilizobaki na mhudumu wa afya, ambaye huzitoa kwenye PRC na faili la matibabu. Ndiyo maana P3 inaweza kungoja siku kadhaa, lakini PRC haingoji. Ikiwezekana ijazwe na yuleyule aliyekupima, kwani huenda akaitwa mahakamani.

Sampuli na nguo zitoke mkononi mwa mhudumu ziingie mkononi mwa polisi, kila mmoja akitia sahihi. Usikubali kutumwa nazo. Mfuko uliolala nyumbani kwako utahojiwa na wakili wa upande wa pili.

Kwa mtoto, umri ni nguzo ya kesi ya unajisi. Adhabu ni kifungo cha maisha mtoto akiwa na miaka 11 au chini, kisichopungua miaka 20 akiwa na 12 hadi 15, na kisichopungua 15 akiwa na 16 hadi 18. Kama cheti hakipo, omba hospitali ifanye tathmini ya umri mapema, kabla ya shauri kuanza. Na anayekuambia kesi imekufa kwa kuwa hapakuwa na shahidi amekosea: kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama itie hatiani kwa ushahidi wa manusura peke yake ikiridhika kuwa anasema kweli.

Afisa akikataa kuandika au akidai pesa za mafuta, mwone mkuu wa kituo, kisha uandikie IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi. Mnamo Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi kutochunguza vizuri malalamiko ya unajisi kulikiuka haki za kikatiba za wasichana walioshtaki. Utaje uamuzi huo kwenye barua yako.

Kurudi kliniki

Ondoka na tarehe zilizoandikwa. Rudia kipimo cha HIV baada ya miezi 3, na cha mimba baada ya wiki 3 hata kama ulimeza kidonge. Mimba ikipatikana, zungumza na daktari upesi: kifungu cha 26(4) cha Katiba kinaruhusu itolewe pale mtaalamu wa afya anapoona uhai au afya yako iko hatarini, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema hilo linawahusu waliobakwa pia. Ushauri nasaha ni sehemu ya matibabu hayohayo, na unaweza kuuomba hata kama siku ya kwanza uliukataa. Ukihamia kaunti nyingine, nakala yako ya PRC inatosha kuendelea bila kusimulia upya.