Bastola isiyo na nyundo: kujua kama imekokiwa kabla ya kuipokea

Kwenye bastola kama Tokarev au Browning Hi-Power nyundo iko nje. Ikiwa imelala nyuma, silaha imekokiwa (imetegwa, tayari kupiga), na hata asiye mwanajeshi anaona. Glock, Walther P99 na ile FN 1910 ya zamani ya Wabelgiji hazina nyundo: kuna pini ya kupiga, imejificha ndani ya kulasi (chuma cha juu kinachovutwa nyuma) pamoja na springi yake. Anayepokea silaha kwenye bohari pale Goma, mji wa volkano mashariki mwa Kongo, iwe ya walinzi wa mbuga au ya wanaorudisha silaha, inabidi asome dalili ndogo za nje na ajue kila dalili inajibu swali gani.

Maswali ni mawili, na watu huyachanganya kila siku. Pini imekokiwa? Chemba (tundu risasi inapokaa tayari kupigwa) ina risasi? Bastola huweza kuwa imekokiwa na chemba tupu. Kinyume chake pia kipo: kwenye P99 yenye kitufe cha kushushia pini juu ya kulasi, ukikibonyeza alama ya kukokiwa inapotea, lakini risasi imebaki palepale na kifyatulio kikivutwa kwa nguvu zaidi kidogo, italia.

P99 ina tundu nyuma ya kulasi. Ncha nyekundu ikionekana hapo, imekokiwa. Springfield XD hutoa kipini nyuma, unakigusa kwa kidole gumba hata umeme ukikatika. Glock haina kitu nyuma, kwa hiyo tazama kifyatulio: kikiwa mbele, pini imevutwa kiasi na iko tayari, kikiwa kimerudi nyuma kabisa, imeachiliwa. Glock za miaka ya karibuni zina pia kulabu ya kung'oa ganda inayojitokeza kidogo ubavuni chemba ikiwa na risasi, ila masizi yakijaa chini yake, alama hiyo inadanganya. FN 1910 haikuambii chochote. Ihesabu imekokiwa, basi.

Kuna vibamba vya kubadilisha nyuma ya kulasi ya Glock ili hali ya pini ionekane. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha mwenye idhini na kibamba kilichotengenezwa kwa modeli hiyo. Usimpe fundi wa kuchomelea kibamba cha asili akitoboe. Kibamba hicho ndicho kinachozuia pini na springi ya kulabu zisitoke nyuma, na tundu linakaribisha vumbi jeusi la lava. Vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama uji mzito, na pini inaanza kusuasua.

Kabla ya kushika silaha yoyote, pipa la kuelekezea mtutu liwe tayari. Chukua pipa la chuma la lita 200, liinamishe kama nyuzi 45 kwenye fremu imara, halafu ndipo ulijaze mchanga. Likijaa linapita kilo 300 na hutalisogeza tena. Mchanga uwe mkavu, umechekechwa, na kwenye njia ya risasi uwe na kina cha sentimita 60 au zaidi. Hapa ndipo Goma hukosea: changarawe ya lava iko kila mahali na ni bure, lakini jiwe hurudisha risasi au vipande vyake. Tafuta mchanga laini wa ziwa, uanike. Mdomo wa pipa ufunikwe plastiki mvua isiingie, na watu wote wakae nyuma ya anayeshika silaha.

Sasa kazi yenyewe. Mwenye bastola aiweke mezani, mtutu ukielekea kwenye pipa, yeye arudi nyuma. Wewe ichukue, kidole kikiwa nje ya kifyatulio, ingiza mtutu kwenye mdomo wa pipa. Toa shajeri (kisanduku cha risasi) kwanza. Kisha vuta kulasi hadi mwisho, risasi iruke ianguke chini. Usiikinge kwa kiganja. Rudia mara tatu, halafu ifunge kulasi nyuma. Tazama chembani kwa tochi, kisha ingiza kidole kidogo uhisi shimo tupu.

Ukigeuza mpangilio, yaani kuvuta kulasi kabla ya kutoa shajeri, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine. Mtu ameona risasi imeruka, ameridhika, na chemba imejaa. Ajali nyingi za mlangoni huzaliwa hapo.

Kosa la pili ni kuamini kuvuta kulasi peke yake. Kulabu iliyovunjika ncha haishiki ganda: unavuta mara tatu, hakuna kinachotoka, na risasi imekaa. Ndiyo sababu ya kidole kidogo. Ukiikuta hivyo, mtutu ubaki kwenye pipa, mwite fundi. Usichokonoe kwa bisibisi.

Kuhusu Hi-Power: shajeri ikitoka, kifyatulio hakifanyi kazi, kwa hiyo nyundo isiposhuka hujapata ushahidi wowote kuhusu chemba. Glock nayo haifunguliwi vipande bila kuvuta kifyatulio, basi hata baada ya ukaguzi wote huo, kivute mtutu ukiwa ndani ya pipa. Mwisho hesabu risasi za shajeri na zile zilizookotwa chini, andika kwenye daftari pamoja na namba ya silaha, mwenye bastola akiwa bado amesimama hapo.