Kupanda na Kutunza Mrehani Nyumbani

Mrehani ni mmea wa joto na jua, na katika sehemu kubwa ya Uganda, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, unaweza kupandwa mwezi wowote. Kinachousumbua zaidi hapa ni unyevu. Ugonjwa wa ukungu unaowatesa wakulima wa mrehani katika nchi nyingi uliripotiwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1930, muda mrefu kabla ya kugunduliwa Uswisi mwaka 2001 na Marekani mwaka 2007. Kwa hiyo anayeupanda nyumbani hana budi kuhakikisha kwamba mizizi inapata maji huku majani yakibaki makavu.

Jerikeni la lita 5 lililokatwa juu na kutobolewa matundu chini linatosha mche mmoja. Lijaze udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo, kwani samadi mbichi huunguza mizizi na udongo wa mfinyanzi hutuamisha maji. Mbegu zifukiwe nusu sentimita tu. Zikilowa hujifunika utando wa utelezi, jambo ambalo ni la kawaida, na huota baada ya siku 5 hadi 10. Miche inayohamishiwa bustanini ipewe nafasi ya sentimita 30 ili upepo upite katikati.

Mahali pazuri ni upande wa mashariki wa nyumba, chini ya ukingo wa paa, ambapo jua la asubuhi hukausha umande na mvua za Machi hadi Mei haziyapigi majani moja kwa moja. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, na pale tu udongo wa juu unapokauka. Wakazi wa Kabale wauweke karibu na ukuta unaohifadhi joto, kwa sababu baridi ya usiku huudumaza.

Wengi huchuma majani makubwa ya chini na kuuacha mmea urefuke, nao hutoa maua mapema na majani yake hupungua. Inafaa kukata ncha ukifikia sentimita 15, juu kidogo ya jozi ya majani, kwa kuwa hapo huchipua matawi mawili. Endelea hivyo kila baada ya wiki mbili au tatu, uondoe vichwa vya maua vinapojitokeza, wala usivune zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Ncha zenye urefu wa sentimita 10 zikitiwa katika glasi ya maji hutoa mizizi kwa muda wa wiki moja au mbili.

Majani yakigeuka manjano katikati ya mishipa, usikimbilie kuongeza samadi kabla ya kuyapindua: vumbi la kijivu upande wa chini ni dalili ya ule ukungu. Mmea wa namna hiyo ung'olewe mara moja na kufukiwa, wala mbegu zake zisihifadhiwe. Anayechoshwa na ugonjwa huu msimu wa mvua ajaribu mujaaja, jamaa ya mrehani ambayo Waganda hutia katika chai, ingawa harufu yake ni kali zaidi.

Majani yaliyovunwa yasiwekwe kwenye friji, kwani baridi huyafanya meusi. Vikonyo vyake vitiwe katika glasi ya maji mezani.