Kuandaa begi la dharura kwa mkazi wa bonde la mafuriko

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita Tabata, Vingunguti na Kigogo, kisha hukatiza bonde la Jangwani na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua kubwa ikinyesha vilimani usiku, mkazi wa bondeni anaweza kukuta maji mlangoni ilhali kwake yamedondoka manyunyu tu. Mtu anayeamshwa na maji, kama ilivyotokea Desemba 2011 na tena Aprili 2018, hana nafasi ya kufikiri abebe nini. Begi la dharura humwezesha kufanya uamuzi huo mapema, mchana, akili ikiwa imetulia.

Orodha nyingi za begi hili huanza na tochi na chakula cha kopo. Mimi nashauri uanze na watu. Chukua karatasi, andika jina la kila anayelala nyumbani, na mbele ya kila jina jibu swali moja: ni kitu gani ambacho mtu huyu akikikosa kwa siku tatu ataumia, na ambacho hakuna jirani anayeweza kumwazima? Sabuni, shuka na uji kwa kawaida hupatikana katika shule au nyumba ya ibada ambako watu hukimbilia, hata kama ni kwa kuchelewa. Dawa ya kifafa ya mwanao haipatikani hapo, wala miwani ya bibi. Vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyostahili kuingia kwanza.

Kwa dawa za kila siku, tenga dozi ya angalau wiki moja, iache ndani ya pakiti yake yenye jina na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kila unapotoka kliniki weka dawa mpya begini na utoe za zamani uzitumie, ili zisiharibikie humo. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aweke pamoja nazo kadi yake ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo) au picha ya kadi hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayomwonyesha mhudumu wa kituo kingine ni dawa zipi anazotumia. Mwenye pumu aweke pampu ya akiba, si ile inayokaribia kuisha. Mwenye selimundu anahitaji dawa zake za kawaida na za maumivu, lakini pia sweta na nguo kavu zilizofungwa vizuri, kwani kulowa na kupigwa na baridi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumwamshia maumivu makali.

Insulini inahitaji uangalizi wa pekee. Aina nyingi zikishafunguliwa huweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne endapo joto halizidi nyuzi 30, na Dar es Salaam huvuka kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo usiiweke begini tangu mwanzo. Weka begini sindano, kipimo cha sukari, vijiti vyake na glukosi, kisha bandika karatasi juu ya begi yenye maneno “chukua insulini”. Utakapoondoka, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, uizungushie kitambaa kilicholoweshwa na uiepushe na jua. Usiigusishe na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena.

Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua kwa kawaida ameshaandaa vitu vya kwenda navyo hospitali: khanga safi, glovu, pamba, wembe mpya, vibanio vya kitovu na mpira wa kutandika. Vitu hivyo vikae mahali pamoja na begi la dharura, na kadi ya kliniki iwe humo. Anayenyonyesha anahitaji zaidi maji ya kunywa na chakula chake mwenyewe kuliko maziwa ya kopo, ambayo hudai maji safi na vyombo vilivyochemshwa. Mtoto mdogo awekewe mfukoni kadi yenye jina lake na namba za simu za watu wazima wawili. Mwenye ualbino asisahau kofia pana, nguo ya mikono mirefu na losheni ya jua, maana siku ya pili baada ya mafuriko mara nyingi hupita juani. Kwa asiyeona, asiyesikia au anayetumia kiti cha magurudumu, zaidi ya vifaa kuna jambo la kupanga na jirani kwa majina: nani atakuja kumchukua, na kwa njia ipi.

Nyaraka ziwe nakala, isipokuwa zile ambazo asili yake haina badala. Kitambulisho cha Taifa, kadi ya bima, vyeti vya kuzaliwa na leseni ya makazi vifungwe kwenye bahasha ya plastiki, na picha zake zihifadhiwe kwenye barua pepe. Namba za simu muhimu ziandikwe kwenye karatasi, pamoja na 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Weka fedha taslimu za noti ndogo, kwa kuwa umeme na mtandao vikikatika pesa za kwenye simu hazikusaidii kulipa bodaboda.

Kuhusu maji, lita moja ina uzito wa kilo moja, hivyo hakuna familia itakayobeba ya siku tatu. Kila mtu abebe chupa yake, na begi liwe na vidonge vya kutibu maji na pakiti za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Vidonge huua vijidudu. Haviondoi mafuta wala kemikali, kwa hiyo maji ya mafuriko yaliyopita kwenye viwanda na vyoo yasinywewe hata yakitibiwa. Tende, karanga na biskuti zinatosha. Ongeza tochi, pawabenki, filimbi, pedi na khanga mbili. Viatu vya kufunika mguu vikae kando ya begi, kwani chini ya maji hayo kuna misumari na vioo.

Begi lenyewe liwe la mgongoni ili mikono ibaki huru, kila kitu ndani kifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na lining'inizwe kwenye msumari juu, karibu na mlango. Livae na utembee nalo hadi mahali utakapokimbilia, likikuelemea, punguza.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo, chaji simu na pawabenki na ukague dawa. Ikitoa tahadhari, weka viatu na begi mlangoni, na wagonjwa, wazee na watoto walale kwa ndugu walio juu kama inawezekana. Ikifikia tahadhari kubwa, ondokeni nyote kabla ya giza. Iwapo maji yatakuwa yamekwisha kukuzuia kulifikia begi, liache uende. Kwa sababu hiyo ni vyema dozi ya siku chache za dawa muhimu ikae pia kwa ndugu au rafiki anayeishi nje ya bonde.