Maji ya tangi la samaki wa baharini ukiwa Mbeya, tena kwenye nyumba ya kupanga

Nakaa Ilomba, vyumba viwili vya kupanga, kazi yangu ufundi wa friji. Sebuleni nina kioo cha sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ndani mna samaki wawili wa baharini wenye mistari myeupe, konokono watano na kaa wadogo wanaoishi kwenye makombe ya kuazima. Wageni wakiingia huuliza samaki nimewatoa wapi. Hakuna anayeuliza maji, na maji ndiyo yaliyonisumbua miezi minne kabla sijanunua hata konokono mmoja.

Aliye Tanga au Kigamboni akitaka maji ya bahari anabeba ndoo. Sisi wa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya hiyo bahari, na ni zaidi ya kilomita 800 za lami mpaka Dar. Kwa hiyo bahari tunaitengeneza jikoni: maji matupu, chumvi yake maalumu, na vipimo. Shika hilo neno "matupu". Maji ya kunywa yana chokaa, klorini na madini ambayo binadamu hayamsumbui. Tangi linataka maji yasiyo na kitu, ili kila kilichomo uwe umekitia wewe mwenyewe.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mwezi

Wengi hupiga hesabu ya kujaza tangi mara moja, wakishajaza wanashangilia, wiki ya tatu wamekwama. Tangi langu likiwa na mawe na mchanga linachukua kama lita 45. Kila Jumapili natoa lita 5 na kurudisha 5 mpya. Bado kuna yanayopotea hewani: Agosti mpaka Oktoba, hewa ikiwa kavu na upepo unavuma, kwangu hushuka karibu nusu lita kwa siku. Jumla ni lita 8 hadi 9 kwa wiki, yaani madumu mawili ya lita 20 kwa mwezi. Chanzo kisichoweza kukupa madumu mawili kila mwezi, Januari hadi Desemba, ni chanzo cha msimu. Kitumie, lakini uwe na cha pili.

Hatua ya 2: Nunua kalamu ya TDS

Ni kikalamu cha kuchovya kwenye maji, kinaonyesha jumla ya vitu vilivyoyeyuka, miligramu kwa lita. Yangu niliagiza Kariakoo ikaja na basi. Mimi nataka 0 hadi 5. Maji ya mvua yakisoma mpaka 20 nayachukua, kwa masharti nitakayoyasema.

Ila ujue kasoro yake: kalamu inahesabu, haitaji majina. Kumi ya chokaa haina shida. Kumi ya shaba inamaliza kaa na konokono wote.

Hatua ya 3: Zunguka na kalamu mtaani

*Bomba.* Uani kwetu ilisoma 110. Kwa kunywa ni maji mazuri kabisa, kwa tangi yana vitu vingi mno. Usiseme utachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini mvuke unaondoka na maji na madini yaliyo mengi yanabaki sufuriani, mengine yakizidi kukolea. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe ukiyaacha kwenye ndoo wazi kwa saa 24 na pampu ya hewa ikipuliza. Kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haitoki hivyo. Inataka dawa ya kuondoa klorini, ambayo kwa kawaida ni sodiamu thiosalfeti. Dawa hiyo nayo haigusi madini.

*Kisima.* Hapana. Mitaa yetu choo cha shimo kiko hapa, kisima kiko pale, shamba la viazi lenye mbolea liko nyuma, na naitreti haionekani kwa macho. Pia huku Rungwe na Ngozi ni nchi ya volkano, na maji yaliyopita kwenye miamba ya aina hiyo mara nyingi huwa na silika. Silika ndiyo chakula cha ule utando wa kahawia unaopaka kioo, unafuta leo, keshokutwa umerudi.

*Maji ya dukani.* Soma lebo. Nyingi huandika TDS. Viwanda vingi husafisha maji mpaka yakawa karibu matupu, kisha hurudisha madini kidogo ili yawe na ladha. Hayo madini ndiyo tusiyoyataka. Kama jirani kuna duka la kujazia maji lenye mashine ya RO (inayosukuma maji kwa presha kupitia utando mwembamba unaozuia madini), ongea na kijana wa pale vizuri, mwombe akukingie kabla maji hayajafika kwenye chujio la kurudisha madini. Pima mbele yake. Hachukii, atataka naye kuishika kalamu.

*Maji ya betri.* Hapa twende polepole. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri, yakiwa ya kweli, ni maji yaliyoondolewa madini, na ni mazuri sana kwa kazi hii. Lakini kwenye rafu ileile hukaa asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki, na chupa zake zinaweza kufanana kama mapacha. Muuzaji ukimwambia "nipe ya betri" anaweza kukupa yoyote kati ya hizo mbili. Sema wazi: maji ya kuongezea. Nyumbani usinuse wala usionje. Mimina kijiko kimoja kwenye kisosi, nyunyizia magadi soda. Yakitoa povu hiyo ni asidi, funga chupa uirudishe. Yakitulia, ndipo uchovye kalamu. Niliwahi kununua chupa nne siku moja, tatu zikasoma 1 na ya nne ikasoma 64. Haikuwa asidi, nadhani mtu alijazia bomba. Pima kila chupa.

*Maji ya friji na kiyoyozi.* Hili nalijibu kama fundi. Ni kweli yanayodondoka kwenye kiyoyozi ni mvuke uliopoa, na kalamu itasoma kidogo. Lakini yametiririka juu ya koili za shaba na alumini zenye vumbi la miaka. Mwagilia maua.

*Mvua.* Huku Mungu ametupendelea: kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua haina habari. Mwaka wa kwanza nilikinga chini ya bati kama kila mtu. Kalamu ikasoma 14, nikafurahi, nikachanganya chumvi, nikabadilisha maji. Siku mbili baadaye konokono wangu watatu wa mwanzo walikuwa wamelala chali, miguu imetoka nje, hawarudi ndani hata ukiwagusa. Bati limepakwa zinki, na lile la kwetu lilikuwa limeezekwa upya mwezi uleule. Kalamu ilisema kweli, vilikuwa vitu kidogo tu. Ila vilikuwa zinki.

Sasa nakinga hivi. Nachukua karatasi mpya ya nailoni ya mita 2 kwa 3, naifunga pembe nne kwenye kamba za kuanikia nguo, katikati natoboa tundu na kulizamisha kwa jiwe lililooshwa, chini naweka pipa la plastiki. Dakika 20 za mwanzo namwaga yote, maana yanashuka na vumbi na moshi wa mkaa wa majirani. Baada ya hapo, mvua ya milimita 10 kwenye karatasi ya mita 6 za mraba inakupa lita 60. Jioni moja umeshapata zaidi ya mwezi mzima. Omba ruhusa ya kamba mapema, kabla wenzako hawajaanika.

Hatua ya 4: Mashine ya RO, kama utaamua

Mimi niliamua, kwa sababu ya kiangazi. Katika nyumba ya kupanga huruhusiwi kutoboa ukuta wala kukata bomba, kwa hiyo chukua ile inayofungwa mdomoni mwa bomba kwa adapta. Ukihama unaondoka nayo.

Shida ya kwanza ni presha. Utando wa RO unataka kama bar 3 au 4. Maji yanayoshuka kutoka kwenye simtanki hupata bar 1 kwa kila mita 10 za kimo, na simtanki letu liko juu kama mita 4. Piga hesabu mwenyewe. Kama bomba la kwenu ni la tanki, bila pampu ya kuongezea presha utapata matone. Shida ya pili ni baridi: kila nyuzi moja chini ya 25, utando hutoa pungufu kwa karibu asilimia 3. Juni na Julai mashine yangu inazembea kama mtu aliyelazimishwa kwenda shamba.

Ya tatu ni bili. Kwa lita moja nzuri, mashine ndogo hutupa lita 3 au 4. Kwetu bili ya maji tunagawana wapangaji wote. Mwezi wa kwanza mama mwenye nyumba alinisimamisha mlangoni: "Mwanangu, mita inakimbia kama bodaboda, usiku unafua nini?" Nikamwamkia, nikamkaribisha ndani aone. Tukakubaliana nilipe fungu la ziada, na maji ya kutupwa nijaze mapipa mawili ya kudekia na kufulia. Hayana ubaya, ni ya bomba yaliyokolea kidogo. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha pipa likiisha. Zungumza kabla hujafunga mashine, mimi nilichelewa.

Hatua ya 5: Chumvi

Agiza chumvi ya akwariamu ya baharini. Ya jikoni haifai, hata ile ya mawe iliyovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani. Kilo moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi: kloridi 19, sodiamu karibu 11, salfeti karibu 3, magnesiamu 1.3, kalsiamu 0.4 na potasiamu 0.4. Maji yakikaushwa juani, kinachovunwa ni sodiamu kloridi. Magnesiamu karibu yote hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Samaki wako atakuwa kwenye mchuzi, si kwenye bahari.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisimwombe kondakta aniletee madumu ya bahari. Inawezekana, ila dumu la lita 20 lina uzito wa zaidi ya kilo 20, na hujui limechotwa wapi. Kama una mtu wa kuaminika Kigamboni, achote bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa, mbali na mdomo wa mto na bandari, si wakati wa masika. Kwa hesabu yangu, chumvi ya kopo ilishinda.

Hatua ya 6: Kuchanganya

Ndoo iwe mpya. Isiwe iliyowahi kuona sabuni wala mafuta ya kula. Tia maji kwanza, washa pampu ndogo na hita mpaka nyuzi 25, ndipo umwage chumvi kidogo kidogo, gramu 36 hadi 38 kwa lita kulingana na maelezo ya kopo. Iache izunguke usiku mzima.

Hita si anasa. Maji ya baridi ni mazito, na haidromita (kipimo cha kuelea kinachosoma uzito wa maji, maji matupu yakiwa 1.000) iliyotengenezwa kwa nyuzi 25, ukiitia kwenye ndoo ya nyuzi 15 asubuhi ya Julai, itasoma juu kwa 0.002 au zaidi. Utaona 1.026, kipimo cha bahari, ukidhani umefika, kumbe chumvi haijatosha. Ukiweza pata rifraktomita (darubini ndogo inayopima chumvi kwa tone moja la maji), iweke kwenye sifuri kwa tone la yale maji yako matupu, kisha pima.

Na kwa kimo chetu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji hushika oksijeni pungufu, karibu sehemu moja ya tano chini ya pwani. Elekeza mdomo wa pampu juu, uso wa maji ucheze muda wote.

Hatua ya 7: Kujazia

Bandika utepe kwenye kioo pale maji yanapoishia. Yakishuka chini ya utepe, jazia maji matupu, yasiyo na chumvi. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Ukijazia ya chumvi unakoleza kila siku. Madumu yangu yanakaa chini ya meza, gizani: la maji matupu lina kifuniko cha bluu, la maji chumvi chekundu. Nikisafiri namwachia mama mwenye nyumba ufunguo na maagizo mawili, bluu kila asubuhi mpaka kwenye utepe, chekundu asiguse.