Gango la bomba la PVC kwa mkono uliolegea kifundo

Mgonjwa akinyoosha mkono mbele, kiganja kinaning'inia. Kifundo hakiinuki, na vidole havinyanyuki pale vinapoungana na kiganja. Mara nyingi iliyoumia ni neva (mshipa wa fahamu) ya radiali, ambayo huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, imegusana kabisa na mfupa, kisha ikashuka kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo.

Huku kwetu huumia kwa njia zinazojulikana. Kuna aliyevunjika mkono wa juu kwa bodaboda. Kuna aliyepanda treni Kigoma kwenda Dar, akalala usiku kucha mkono umening'inizwa juu ya mgongo wa kiti, akaamka Tabora kiganja hakina kazi. Kuna aliyechomwa sindano nyuma ya mkono, mahali pasipostahili. Na kuna anayetembelea mikongojo iliyomzidi urefu, inayomkaba kwapani. Huyu wa mwisho hata kunyoosha kiwiko humshinda, kwa sababu neva imebanwa juu zaidi. Dawa yake ya kwanza ni kukata mikongojo: kati ya kichwa cha mkongojo na kwapa ziingie nafasi za vidole vitatu, uzito ubebwe na viganja.

Hakikisheni kwanza

Kama mdomo umepinda, maneno hayatoki vizuri au mguu wa upande huo nao umelegea, mshukuni kiharusi na muondoke kwenda hospitali sasa hivi. Kama kuna jeraha la panga au kioo juu ya mahali hapo, neva huenda imekatika, na kushonwa mapema kuna matokeo bora kuliko kungoja. Hospitali siku hiyohiyo. Mikono yote miwili ikilegea polepole, ulizeni kazi ya mgonjwa. Anayeyeyusha risasi ya betri chakavu kutengeneza vyuma vya kuzamisha nyavu anaweza kuwa na sumu ya risasi mwilini. Na kukiwa na mabaka ya ngozi yasiyosikia mguso, apimwe ukoma. Dawa zake hutolewa bure.

Kuna kosa linalowapata hata wahudumu. Unamwambia mgonjwa anyooshe vidole, anakunja na kukunjua ncha zake, unaandika "vidole vinafanya kazi". Viungo vya katikati na vya ncha hunyooshwa pia na misuli midogo ya kiganja, ambayo inatumia neva nyingine. Angalieni vile vifundo vikubwa vya mwanzo wa vidole: hivyo ndivyo vinavyogoma. Kisha guseni kwa pamba ngozi ya mgongo wa kiganja, kati ya kidole gumba na cha shahada. Hapo ndipo ganzi yake hukaa.

Sasa mwambieni aminye vidole vyenu viwili. Ni dhaifu, mtadhani hata nguvu ya kushika imekufa. Mshikeni kifundo, kiinueni kidogo, aminye tena. Nguvu inarudi papo hapo. Misuli ya kushika ni mizima, ila kifundo kikiwa kimeanguka inakuwa imelegea kama kamba isiyovutwa. Kazi ya gango ni hiyo tu: kushika kifundo juu ili mkono utumike na viungo visikakamae wakati neva inaota. Gango haliiponyi neva.

Vifaa

Bomba la PVC la inchi 4, la maji machafu, lenye ukuta mwembamba, sm 30. Bomba la presha ni nene. Maji yanayochemka hayalilegezi vya kutosha. Sufuria pana, koleo, msumeno wa chuma, tupa au msasa, sponji ya milimita 5, kitambaa cha pamba, gundi, na velkro ya upana wa sm 3 hadi 5 kutoka kwa fundi cherehani. Msifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Unavutika, unabana bila mtu kujua, na chini yake ngozi hutoka jasho na kuchubuka.

Chorani ramani kwenye karatasi kwa kutumia mkono mzima, ule usioumia, kisha igeuzeni. Gango hukaa upande wa kiganja. Mwisho wake wa mbele uishie kidogo nyuma ya mstari wa kiganja ulio karibu zaidi na vidole. Ukiuvuka, vidole havitakunja. Upande wa gumba ukateni mviringo mpaka gumba liguse ncha ya kidole kidogo bila kukwama. Mwisho wa nyuma ufike theluthi mbili za kigasha. Upana ni nusu ya mzunguko wa mkono: kigasha cha mzunguko wa sm 25 kinataka sm 12 hadi 13, kifundo cha sm 16 kinataka sm 8.

Kulegeza na kuunda

1. Pasueni bomba kwa urefu. Litieni kwenye maji yanayochemka, dakika mbili au tatu, mpaka likiinuliwa kwa koleo linajikunja lenyewe. Lilazeni kati ya mbao mbili, wekeni uzito juu. Mnapata bapa lenye upana wa kama sm 34, linalotosha magango mawili.

2. Chorani ramani juu yake, kateni, sugueni kingo zote mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

3. Rudisheni kwenye maji ya moto. Likilegea, lifuteni maji, liwekeni juu ya mkono wa ndugu mwenye umbo kama la mgonjwa, mkono uliozungushiwa taulo iliyokunjwa mara mbili. Msiliunde juu ya mgonjwa: ngozi yenye ganzi haisemi inapoungua.

4. Inueni kifundo nyuzi 20 hadi 30. Pimeni hivi: gango likilala mezani, kama sehemu ya kiganja ina urefu wa sm 8, ncha yake iwe imeinuka sm 3 hadi 4. Kunjeni kingo za mbele na nyuma zitoke nje kidogo. Limwagieni maji baridi, litagangamala.

Msizidishe pembe mkidhani juu zaidi ni bora zaidi. Kifundo kikivutwa sana nyuma, neva nyingine inayopita katikati yake hubanwa, na mgonjwa anapata ganzi mpya kwenye gumba, shahada na kidole cha kati.

Na msilegeze PVC juu ya mkaa au kibatari. Ni haraka, kweli, mafundi bomba wanafanya kila siku, lakini ikiungua inatoa hewa ya tindikali inayochoma koo na mapafu. Maji hayavuki joto lake la kuchemka, ndiyo maana tunayaamini.

Bandikeni sponji, funikeni kwa kitambaa, wekeni mikanda mitatu: kwenye kiganja, nyuma kidogo ya kifundo, na karibu na mwisho wa nyuma. Ule wa kifundo uwe mpana na usikaze upande wa gumba. Hapo tawi la neva hiihii linapita chini ya ngozi tu.

Kuvaa

Mara ya kwanza avae dakika 20, avue, mtazame. Wekundu usiofutika ndani ya dakika 20 nyingine unamaanisha gango linagandamiza hapo: legezeni ukingo kwa maji ya moto, usukumeni nje. Kuongeza sponji mahali panapobana huongeza mgandamizo. Likikaa sawa, avae mchana akifanya kazi na usiku akilala, avue kwa kuoga na mazoezi.

Mazoezi ni mara nne kwa siku, kila moja mara 10, mkono mzima ukiusaidia mgonjwa: kupeleka kifundo nyuma vidole vikiwa vimenyooka, kunyanyua vifundo vya vidole, kufungua gumba mbali na kiganja, kugeuza kiganja juu na chini. Lile la kwanza ndilo lenye uzito. Likiachwa, misuli ya kukunja hufupika, na neva ikirudi inakuta mkono umeshakuwa ndoana. Kukanda kwa maji ya moto tunakukataza kwa sababu ileile ya ganzi.

Kufuatilia

Neva huota kama milimita 1 kwa siku, sm 3 kwa mwezi. Aliyelalia mkono mara nyingi hupona ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache. Mfupa ukiwa umevunjika katikati, neva ina safari ya sm 10 au zaidi kufikia msuli wa kwanza, hivyo miezi mitatu hadi mitano si ajabu.

Kila wiki mbili, andikeni daftarini. Kiwiko kikunjwe, gumba likitazama juu kama ameshika kikombe, akunje zaidi huku mkimzuia. Msuli ukiinuka chini ya vidole vyenu karibu na kiwiko, upande wa gumba, huo ndio wa kwanza kurudi. Kifundo hufuata, mara nyingi kikianza kuinuka kikielekea upande wa gumba, kisha vidole, gumba karibu na mwisho. Gongeni pia taratibu kwa kidole kando ya njia ya neva, kuanzia chini kwenda juu: mahali panapotoa mtekenyo kama umeme panapaswa kushuka mwezi hadi mwezi.

Miezi mitatu ikipita bila dalili yoyote, msingoje. Anzeni hospitali ya mkoa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora, mwombe rufaa kwa daktari wa mifupa na neva, na daftari mwende nalo. Msuli uliokaa mwaka hadi mwaka na nusu bila neva hauamki tena hata neva ikishonwa. Hapo kinachobaki ni kuhamisha kano: msuli mzima unaogeuza kiganja chini huunganishwa na kano ya kuinua kifundo. Upasuaji huo hauwezekani kwenye viungo vilivyokakamaa, kwa hiyo hata anayengoja tarehe ya kulazwa aendelee na gango lake na mazoezi yake manne ya siku.