Yoga ya Nje ya Mkeka: Anza na Safu Tatu

Kwa miaka mitatu nilijinyoosha mkekani kila alfajiri, na ikifika saa mbili asubuhi nimeshamfokea mtu kwenye simu. Mgongo ulipona, ulimi haukupona. Nilipokuja kuisoma Yoga Sutra ya Patanjali, kitabu cha kale cha mafundisho ya yoga, nikagundua kuwa nyumba hii nilikuwa nimeingilia dirishani. Viungo vya yoga ni vinane, na mikao ya mwili ni cha tatu. Cha kwanza ni yama, miiko mitano: ahimsa ni kutodhuru, satya ukweli, asteya kutoiba, brahmacharya kujizuia, aparigraha kutolimbikiza. Cha pili ni niyama, mazoea matano ya kujilea: usafi, kuridhika, bidii, kujisoma na kujikabidhi kwa Mungu. Mikao yenyewe imepewa aya tatu tu.

Usiyabebe yote kumi kwa mpigo. Mimi niliyabeba, na wiki haikuisha. Chukua ahimsa peke yake, ukae nayo mwezi mzima.

Tafuta daftari, chora safu tatu. Aya ya 34 ya sura ya pili inasema mtu hudhuru kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa kutendesha, na kwa kuridhia. Kila usiku jaza safu hizo kwa dakika tano, bila kujitetea. Ya kwanza hujaa upesi: mlango niliobamiza, jibu la mkato. Ya pili inahitaji kuchimba kidogo. Siku moja nilimchochea mwenzangu akamwambie fundi maneno ambayo mimi mwenyewe niliyaogopa. Lakini safu ya tatu ndiyo iliyonivua nguo. Mwenzetu alisimangwa kwenye kundi la WhatsApp, nami nikaweka kikaragosi cha kucheka. Sikuandika hata neno moja.

Aya hiyohiyo inataja vyanzo vitatu: tamaa, hasira na upumbavu. Weka herufi pembeni ya kila kosa, T, H au U. Zangu nyingi zilikuwa H, na karibu zote za saa ambazo nilikuwa sijala. Hapo dawa haikuwa falsafa, ilikuwa kula mapema.

Na hasira ikipanda papo hapo? Aya ya 33 inashauri kuleta wazo la upande wa pili. Kujiambia "tulia" hakujawahi kunisaidia. Ninachofanya ni kuandika ule ujumbe mkali, siutumi, naiacha simu mezani na kwenda kunywa maji. Nikirudi najiuliza: ukimfika, kesho nitakuwa nikihangaika na nini? Mara nyingi naufuta.

Mwezi wa pili nenda kwenye satya, ila usiiache ahimsa nyuma. Vyasa, mfafanuzi wa kale, anasema neno linalowaumiza viumbe halihesabiki kuwa kweli hata likiwa sahihi. Wale wanaojisifu kwamba "mimi husema ukweli mchungu" waisome mara mbili.

Kuhusu asteya, nilidhani mimi si mwizi. Kisha nikapiga hesabu: watu wanane wakinisubiri dakika kumi, nimewachukulia dakika 80 ambazo siwezi kuzirudisha. Sasa nafika mapema na kitabu mkononi. Aparigraha nilianza nayo kwenye droo moja iliyokuwa na chaja sita za simu nisizokuwa nazo tena. Brahmacharya kwa watawa ni useja. Kwetu wenye familia nasema ni kujua pa kukomea, na kwangu ni simu usiku.

Onyo moja: daftari ni la makosa yako. Niliwahi kumsahihisha dada yangu mezani, mbele ya wanawe, kwamba sauti yake haina ahimsa. Akaniangalia, akaniuliza hilo nitaliandika safu gani.

Nililiandika ya kwanza. Herufi ilikuwa U.