Timu ya Chuo Lamu Ikitaka Kuhamia Ligi ya Mombasa: Hesabu za Kupiga Kwanza

Anzeni na ratiba. Orodhesheni kila mechi ya ugenini, na mbele yake msiandike kilomita: andikeni siku za kulala nje na vipindi vitakavyokosekana.

Tuseme msafara ni watu 22, wachezaji 18 na viongozi 4, na mechi ni Jumamosi saa kumi jioni. Ijumaa asubuhi mnavuka kwa boti hadi Mokowe, mnapanda basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, mnafika Mombasa viungo vimekaza. Kurudi ni Jumapili. Kwa mechi moja hivyo, yaani usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, ni vitanda 44. Kwa mechi 7 ni vitanda 308, na Ijumaa 7 bila darasa. Mechi ikisogezwa Jumatano, masomo ya Jumanne hadi Alhamisi yamekwenda. Hapa ndipo timu inapovunjika: walimu wanaanza kukataa ruhusa, na kikosi cha 18 kinasafiri na 13.

Wachezaji wanaotoka Faza au Pate wahesabiwe peke yao. Boti yao hupita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa haipiti. Waje Amu, yaani Lamu mjini, Alhamisi, nao walipiwe malazi. Kuwasubiri gatini alfajiri ya safari ni kulikosa basi.

Kuna na masika. Mto Tana ukifurika, barabara ya Garsen hukatika. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, ulizeni kwa maandishi: mafuriko ni sababu inayokubalika kuahirisha mechi? Taarifa itolewe saa ngapi kabla? Faini ya kutofika ni kiasi gani? Marefa wanalipwa na nani? Na swali linalosahaulika zaidi: timu za Mombasa nazo zitakuja Lamu? Mgeni asipofika mnapewa pointi za mezani, lakini vijana hawakucheza, na waliokuja uwanjani kushangilia wamerudi nyumbani bure.

Faida ipo, tena kubwa. Mshambuliaji aliyezoea mabeki walewale wanne wa kwao atajifunza mengi kwa msimu mmoja mbele ya mabeki wagumu, na wanaotafuta vipaji huonekana Mombasa kuliko visiwani.

Ila msihamishe michezo yote kwa pamoja. Mwaka 2024 vyuo vya UCLA na USC vya Los Angeles viliingia Big Ten, ligi moja na Rutgers ya New Jersey, karibu kilomita 4,000 kutoka kwao. Fedha za televisheni za mpira wao wa Kimarekani ndizo zilizowavuta, lakini voliboli nayo ikaburutwa kwenye safari hizo. Wao wana fedha za kulipia ndege. Sisi tuna nauli ya kuchangishana. Soka iende, voliboli ya wasichana ibaki na wapinzani wa karibu. Ikibidi voliboli nayo iende, ombeni mechi mbili kwa safari moja, Jumamosi na Jumapili. Kwa soka hilo halifai: miguu inataka angalau siku mbili za kupumzika.

Mpinzani wenu wa jadi mwekeeni tarehe ya mechi ya kirafiki kabla ratiba mpya haijatoka, maana ikishatoka hamtapata Jumamosi iliyo wazi. Mwisho, ombeni ligi ya zamani barua inayosema nafasi yenu itashikiliwa hadi tarehe gani. Barua hiyo isipopatikana, msijitoe msimu huu.